Kiputo cha Karatasini, Kiputo cha Tangini

Bandika sufuria ya maji ya chai kisha uinamie. Viputo vya kwanza havizuki ovyo. Vinatoka palepale palipokwaruzwa na kijiko, kimoja nyuma ya kingine, kwa kuwa hewa ilinasa humo. Maji yanataka pa kuanzia. Na hapo ndipo wanapoachana wataalamu wa maji yaendayo kasi.

Upande mmoja ni wa kalamu. Mwaka 1917, mwanafizikia Rayleigh wa Uingereza alichukua tundu moja tupu ndani ya maji, la mviringo kamili, akapiga hesabu ya jinsi maji yanavyolifumba. Likisinyaa hadi nusu kipenyo chake ibaki sehemu moja ya ishirini, mgandamizo kando yake hufika mara 1,260 ya ule wa mwanzo. Si ajabu propela za meli, ambako viputo hufumbwa hivyo, hutafunika. Hesabu nzuri mno, ila inaeleza kifo cha kiputo. Kuzaliwa kwake haikukugusa.

Upande wa pili ni wa tangi, wanaopima badala ya kupiga hesabu, nao walitangulia. Mhandisi Parsons, ambaye meli yake Turbinia ilikataa kushika kasi mwaka 1894, mwaka uliofuata alitengeneza tangi dogo lenye dirisha, akayapasha maji moto na kupunguza mgandamizo wa hewa, ili aone kwa macho yake propela ikizungukia ndani ya mvuke.

Sasa tazama haidrofoili, lile bawa la majini. Mgongoni mwake maji hukimbia, mgandamizo hushuka. Ukifika takriban kilopaskali 2.3, kwa maji ya nyuzi 20, vitabu husema yatachemka yakiwa baridi. Mara nyingi hayachemki. Mwaka 1950 mwanafizikia Briggs aliyavuta maji safi hadi baa 277 chini ya sifuri ndipo yakakatika! Basi si kioja kwamba mwaka 1966, umbo lilelile lilipopimwa katika maabara mbalimbali, kila tangi lilitoa jibu lake. Umbo lilikuwa moja. Viputo vidogo visivyoonekana ndivyo vilivyotofautiana.

Mimi niko na watu wa tangi, hasa kwa jambo hili: viputo vikiwa haba, mvuke hujishika kama utando kwenye ncha ya mbele ya bawa. Vikiongezwa, vinapita vikivimba na kuufagia utando huo, kama walivyoonyesha Briançon-Marjollet, Franc na Michel mwaka 1990. Bawa halikubadilika hata unywele. Ndiyo maana siku hizi matangi mengine hupuliziwa viputo kabla ya maji kulifikia bawa, na viputo huhesabiwa kwanza.