Mchezo wa Vita wa Watu Wawili na Tatizo la Siri

Michezo ya ubao iliyo mashuhuri kabisa haina siri. Mcheza bao wa pwani huziona kete zote 64, zake na za mwenziwe. Mcheza sataranji humwona malkia wa adui kama amwonavyo wake mwenyewe. Kilichofichika ni mawazo tu. Pande mbili huanza sawa na huenda kwa sheria moja, na ashindwaye hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Vita vyenyewe havikuwa hivyo hata siku moja. Jemadari hajui jeshi la adui liko nyuma ya kilima kipi, wala hapimiwi askari kwa kibaba ili wawe sawa na wa adui yake. Kwa hiyo wale waliotaka kuufananisha ubao na vita walikutana na shida mbili ambazo wacheza sataranji hawakuzijua: namna ya kuficha, na namna ya kuwashindanisha kwa haki watu wawili wasio sawa. Shida hizo zilianza kutafutiwa dawa Ujerumani katika karne ya 18. Dawa iliyo nzuri kuliko zote ilipatikana mwaka wa 2004, tena mahali ambapo maofisa wa Prussia wasingalipatazamia kamwe, yaani katika mchezo wa Kiitalia uliojengwa juu ya hekaya ya Kiingereza.

Wa kwanza kustahili kutajwa ni Johann Christian Ludwig Hellwig, mwalimu wa hisabati huko Braunschweig. Mwaka wa 1780 alitoa kitabu cha mchezo uliozaliwa na sataranji lakini ukampita mzazi wake kwa kimo. Mahali pa miraba 64 aliweka miraba 1,617, akaipaka rangi mbalimbali kuonyesha ardhi ilivyo, na mahali pa farasi na vitunda akaweka askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga. Hellwig alifundisha vijana wa kiungwana ambao wengi wao wangekuwa maofisa, na nia yake ilikuwa kuwafunza kanuni za vita huku wakijifurahisha. Hata hivyo kila kitu kilikuwa wazi juu ya ubao, na kete moja haikuweza kuwamo mrabani ila peke yake. Ilikuwa sataranji iliyonenepa.

Hatua kubwa ilipigwa na baba na mwanawe. Mwaka wa 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimtolea Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia meza ya mchezo yenye vipande vya ardhi vilivyoweza kupangwa na kupangwa tena. Miraba ilikuwa imetoweka. Askari walikwenda kwa kupimwa urefu wa njia. Meza ile ilikuwa kitu cha kifalme, nayo ilibaki katika nyumba ya kifalme. Aliyeitoa fikira hiyo nje ikawafikia askari ni mwanawe, Georg Heinrich Rudolf Johann von Reisswitz, luteni wa mizinga, ambaye mwaka wa 1824 alichapisha sheria zilizotengenezwa upya kabisa. Meza iliachwa, pakatumiwa ramani za kweli za kipimo cha 1 kwa 8,000. Vipande vidogo vilivyopakwa rangi nyekundu na buluu vilisimama badala ya vikosi. Kila zamu ilihesabiwa kuwa ni dakika mbili za vita, na hasara za mapigano ziliamuliwa kwa madadu, kwa kuwa luteni yule alijua vema kwamba bunduki zile zile zikipigwa kwa umbali ule ule haziui watu wale wale kila mara.

Ama katika jambo la siri, alichofanya ni kumleta mtu wa tatu. Wacheza wawili hawakugusa vipande. Waliandika amri zao kwenye karatasi wakampa mwamuzi, naye ndiye aliyeviondosha vikosi na kuvipeleka, akiweka juu ya ramani vile tu ambavyo upande wa pili ungaliweza kuviona kwa macho. Jenerali von Müffling, mkuu wa maofisa wa jeshi la Prussia, alionyeshwa mchezo huo akiwa na shaka, akaondoka ameshikwa nao kabisa, na mwaka ule ule ukapigiwa mbiu jeshini. Reisswitz mwenyewe hakuyafaidi matunda yake. Mwaka wa 1827, miaka michache tu baada ya siku zake za sifa, alijiua.

Dawa ya Reisswitz ilikuwa kamili lakini ghali. Ilitaka mtu wa tatu, tena mwenye elimu kuliko hao wawili, akae saa nyingi bila kucheza. Kadiri miaka ilivyokwenda mtu huyo alizidi kupewa nguvu, hata mwaka wa 1876 Julius von Verdy du Vernois akashauri sheria nyingi na madadu yatupwe, mambo yote yaachiwe hukumu ya mwamuzi. Kwa chuo cha jeshi jambo hilo lafaa, kwa sababu mwamuzi ni mwalimu. Kwa marafiki wawili waliokaa mezani jioni halifai hata kidogo. Mwaka wa 1899 Mwingereza Henry Michael Temple alifanya vivyo hivyo katika sataranji: kila mmoja aliona kete zake tu, na mwamuzi akawaambia kama mwendo wakubalika au la. Hapo pia ilibidi awepo mtu wa tatu.

Njia nyingine ilifunguliwa Ufaransa na Hermance Edan mwanzoni mwa karne ya 20. Katika mchezo wake uitwao L'Attaque kete zimesimama wima kama kadi, uso wake ukimwelekea mwenyewe na mgongo ukimwelekea adui. Adui aona kwamba pana askari, ila hajui kama ni jenerali au mpelelezi mpaka zikutane. Mchezo uitwao Stratego, ulioenea sana Ulaya na Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili, ulitoka katika shina hilo. Mwamuzi hahitajiwi tena, na hiyo ni faida kubwa. Lakini siri inayopatikana ni ya jina peke yake. Mahali pa kete pajulikana tangu mwanzo, hali katika vita jambo la kwanza analouliza jemadari ni adui yuko wapi.

Wacheza wa Marekani walipoanza kuinunua michezo ya vita madukani, siri iliwekwa kando kabisa. Charles S. Roberts alitoa mchezo wake Tactics mwaka wa 1954, na mwaka wa 1958 kampuni yake, Avalon Hill ya Baltimore, ikatoa Gettysburg. Kwake zilienea ramani za pembesita na jedwali la kulinganisha nguvu za pande mbili kabla ya kutupa dadu. Kila kikosi kilionekana. Kosa hilo walilijua, wakalivumilia, kwa kuwa mwamuzi hakuwemo katika sanduku.

Mwaka huo huo wa 1954 ndipo lilipotoka London juzuu la kwanza la The Lord of the Rings, hekaya ndefu ya J. R. R. Tolkien, mwalimu wa Oxford aliyepigana kwenye mto Somme mwaka wa 1916. Yafaa kisa chake kielezwe kwa ufupi, kwani mambo yote yaliyofuata yamo ndani yake. Mfalme mwovu, Sauron, ana majeshi yasiyohesabika na ameipoteza pete ambayo ndani yake ameiweka nguvu yake. Maadui zake ni wachache na wametawanyika. Hawawezi kumshinda kwa silaha, basi wanaituma pete hiyo na wasafiri tisa waende kuitupa katika moto wa mlima ulio nchini mwake mwenyewe. Sauron anawatafuta, lakini haingii akilini mwake kwamba mtu aliyeipata nguvu kubwa namna ile anaweza kutaka kuiangamiza. Hapa shida zote mbili za michezo ya vita zimekutana mahali pamoja: pande zisizo sawa hata kidogo, na siri ya mahali.

Watengenezaji wa michezo waliliona jambo hilo mapema. Mwaka wa 1977 kampuni ya SPI ya New York ilitoa War of the Ring, maana yake Vita vya Pete, kazi ya Howard Barasch na Richard Berg, kwa idhini ya wenye haki. Idhini si jambo dogo katika habari hizi. Mwaka ule ule watengenezaji wa mchezo mwingine, Dungeons & Dragons, walilazimika kuyafuta majina waliyoyachukua kwa Tolkien bila ruhusa. Mwaka wa 2002 Mjerumani Reiner Knizia alitoa mchezo mdogo wa watu wawili wenye wahusika tisa kila upande, aliofuata ndani yake njia ya Hermance Edan ya kuficha nyuso. Ni mchezo mzuri sana, nao waisha kabla chai haijapoa. Lakini siri yake bado ni ya jina.

Mchezo wa mwaka wa 2004, ulioitwa pia War of the Ring, ulibuniwa na Roberto Di Meglio, Marco Maggi na Francesco Nepitello, ukatolewa na kampuni ya Nexus ya Italia. Ndani ya sanduku mna ramani kubwa iliyogawanyika katika majimbo, sanamu ndogo zaidi ya 200, karata na madadu. Mmoja huongoza Kivuli, mwingine Watu Huru. Hapana jitihada yoyote ya kuwasawazisha. Mchezo ukianza, Kivuli hutupa madadu 7 ya matendo, Watu Huru 4, na kila dadu ni tendo moja. Askari wa Kivuli waliokufa hurudi ghalani wakaitwa tena. Askari wa Watu Huru akifa amekufa. Isitoshe, mataifa yao mengine hayajakubali hata kuingia vitani, na hapana budi yaamshwe kwanza. Haki imetafutwa mahali pengine, katika masharti ya ushindi. Kivuli hushinda akiteka miji na ngome za thamani ya alama 10, Watu Huru kwa alama 4 tu, au kwa kuifikisha pete motoni.

Kuhusu siri, walifanya jambo jipya. Sanamu ya wasafiri hubaki jimboni ilipoonekana mara ya mwisho. Kila wanapokwenda, haiondolewi. Kibao cha hesabu tu husogezwa hatua moja kando ya ramani, mbele ya macho ya wote. Siku mwenyewe atakapotangaza, huhesabu majimbo kwa idadi ya hatua zile na kuisimamisha sanamu pale apendapo. Hakuna kilichoandikwa kwenye karatasi wala kilichogeuziwa mgongo. Kabla ya kutangazwa, wasafiri hawako mahali popote palipokatwa, na hata anayewaongoza yuko huru kuibadili nia yake. Adui ajua wametembea kadiri gani, hajui wameshika njia ipi, kama mtu wa Lamu ajuavyo kwamba jahazi lina siku sita tangu kung'oa nanga. Siri isiyojulikana na mtu yeyote haihitaji mwamuzi wa kuitunza, wala haiwezi kuibiwa kwa jicho la pembeni. Reisswitz aliajiri mtu wa tatu kwa ajili ya neno ambalo lingaliweza kuachwa tu bila kuamuliwa.

Kutembea nako kuna bei yake. Katika madadu ya Kivuli mna alama ya Jicho, na kila Jicho huwekwa katika msako. Dadu la Watu Huru lililotumiwa kwa mwendo hulala papo hapo mpaka zamu iishe, na kuufanya mwendo wa pili katika zamu hiyo kuwa wa hatari zaidi. Wakipatikana, kigae huchomolewa mfukoni, na madhara yake hubebwa na swahiba mmoja wa safari au hugeuka kuwa upotofu wa mchukuzi wa pete. Upotofu ukifika 12, Kivuli ameshinda. Kwa hiyo Kivuli naye yuko katika dhiki: dadu alilolitenga kutafuta ni dadu lisilopeleka jeshi. Wacheza wapya aghalabu huteka ngome kwa furaha huku kibao cha hesabu kikisogea polepole, na hilo ndilo kosa la Sauron mwenyewe.

Mwaka wa 2011 mchezo huo uliingia mikononi mwa kampuni ya Ares Games, ukatolewa kwa sheria zilizosafishwa, lakini kibao cha hesabu hakikuguswa. Kinaondolewa kazini mara moja tu, wasafiri wanapoingia Mordor. Pale njia ni moja, ina hatua tano, na sanamu husogezwa waziwazi juu yake. Kila hatua huchomolewa kigae bila msako kutafuta kwanza, na wakikaa zamu nzima bila kujaribu kwenda, upotofu huongezeka kwa 1.