Seli Shina na Tiba ya Moyo: Hukumu, Historia na Amana ya Khabari

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Abu Daud amepokea katika Sunan yake kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, na Mtume (s.a.w.) akaenda kumtazama. Akauweka mkono wake kifuani mwa Saad, akamjulisha kuwa maradhi yake ni ya moyo. Kisha akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, mtu aliyekuwa akitibu watu, na akataja tende saba za ajwa za Madina. Funzo la kisa hiki liko wazi: mgonjwa apelekwe kwa mjuzi. Hata hivyo wanavyuoni wa Hadithi hawakuinyamazia isnadi yake. Aliyepokea kwa Saad ni Mujahid, na wako maimamu wa fani hiyo waliosema kuwa Mujahid hakusikia kwa Saad. Uzuri wa maana haukuwazuia kuuliza: nani kakwambia, na yeye kayasikia kwa nani?

Tumetanguliza jambo hilo kwa makusudi. Tiba ya moyo kwa seli shina imezungumzwa sana, na swali linaloletwa kwa masheikh huwa ni moja: je, ni halali? Tukiitazama historia, tutaona kwamba swali hilo lilijibiwa mapema na kwa uangalifu. Lililochelewa kujibiwa ni swali la Mujahid na Saad: je, khabari zenyewe ni sahihi?

Moyo na maradhi yake

Alauddin Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 687 Hijria (1288), alikuwa tabibu mkubwa na pia faqihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, akisomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya. Katika sherehe yake juu ya sehemu ya Qanun ya Ibn Sina inayohusu maumbile ya mwili, alipinga kauli ya Galen, aliyoifuata Ibn Sina, kuwa damu hupenya ukuta ulio kati ya vyumba viwili vya moyo. Alisema damu hutoka upande wa kulia, ikapita mapafuni, ndipo ikarejea upande wa kushoto. Akasema pia kuwa moyo hulishwa na mishipa iliyotandaa ndani ya nyama yake wenyewe. Adabu yake kwa Ibn Sina haikumfanya aifumbie macho kauli aliyoiona si sahihi.

Mishipa hiyo aliyoitaja ndiyo huziba mtu anapopatwa na shambulio la moyo. Nyama iliyokosa damu hufa, na shambulio kubwa huweza kuua seli za misuli zipatazo bilioni moja. Ngozi ikikatwa huota tena, na ini likipunguzwa hukua. Moyo huacha kovu, na kovu halisukumi damu. Mwaka 2009 wataalamu wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden walipima kaboni iliyoenezwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo huingia katika seli mpya zinapoumbwa. Wakaona kuwa kijana wa miaka 25 hubadilisha kiasi cha asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 hata nusu ya asilimia hafikii. Hapo tunaelewa kwa nini watu walikuwa na hamu kubwa ya kupata seli za kuziba pengo.

Seli shina zenyewe

Seli shina ni seli ambayo haijapewa kazi maalumu, nayo yaweza kujigawa na kuzaa seli za namna nyingine. Zile za uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa, huzalisha damu maisha yote ya mtu. Upandikizaji wa uboho kwa wagonjwa wa damu ulianza mwaka 1957 kwa kazi ya Donnall Thomas wa Marekani. Ni tiba iliyothibiti, na Tanzania imeanza kuitoa, katika hospitali ya Muhimbili tangu 2021 na katika hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2023.

Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alifanikiwa kukuza maabara seli shina zilizotolewa katika kiinitete cha binadamu chenye siku chache tu. Seli hizo zina uwezo wa kuwa sehemu yoyote ya mwili, lakini kuzitoa hukiangamiza kiinitete. Hapo ndipo fiqhi ilipoingia.

Walivyosema wanavyuoni

Mlango huu haukufunguliwa mwaka 1998. Katika kikao cha Jeddah cha mwaka 1408 Hijria (Februari 1988), Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, iliruhusu kwa masharti kupandikiza viungo, ikaharamisha kutoa kwa mtu aliye hai kiungo ambacho uhai wake unakitegemea, kama moyo. Katika kikao chake cha Machi 1990 ilizungumzia upandikizaji wa tishu za ubongo, na ikasema kuwa kukuza seli maabara hakuna ubaya iwapo chanzo chake ni cha halali. Ama mayai yaliyotungishwa nje ya tumbo la uzazi yakabaki, kikao hicho kiliona yasitungishwe zaidi ya yanayohitajika, na yakizidi yaachwe bila kushughulikiwa mpaka uhai wake ukome wenyewe.

Baraza la Fiqhi la Rabita, mjini Makka, lilikutana katika Shawwal 1424 (Desemba 2003) na kuzungumzia seli shina kwa jina lake. Liliruhusu kuzichukua kwa mtu mzima kwa ridhaa yake na bila kumdhuru. Kwa mtoto kwa idhini ya walii wake. Katika kondo la nyuma na damu ya kitovu kwa idhini ya wazazi. Katika mimba iliyotoka yenyewe au iliyotolewa kwa sababu inayokubalika kisheria. Na katika mayai yaliyotungishwa yakazidi, wazazi wakiyatoa. Likaharamisha mimba inayotolewa kwa makusudi bila ya sababu ya kisheria, kutungisha mbegu na yai za watu wa kujitolea kwa ajili hiyo, na kunakili kiumbe kwa ajili ya tiba.

Msomaji ataona khilafu kati ya Jeddah na Makka juu ya mayai yaliyozidi. Mizizi yake ni ya zamani. Hadithi ya Ibn Masud (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inataja vipindi vya siku arobaini arobaini kabla ya kupulizwa roho, na wako mafaqihi waliojenga hukumu zao juu ya siku 120. Imamu Ghazali katika Ihya aliona kuwa uharamu wa kuharibu mimba unaanza pale mbegu inapotungika, kisha uzito wake unaongezeka kila hatua. Aliyeangalia kupulizwa roho aliona wepesi. Aliyeangalia heshima ya mwanzo wa kiumbe aliona uzito. Kila upande una dalili yake.

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, aligundua njia ya kuirejesha seli ya kawaida ya panya katika hali ya seli shina, na mwaka 2007 akaithibitisha kwa seli za binadamu. Kwa wanaofuata njia hiyo, haja ya kugusa kiinitete imepungua sana.

Khabari zilizoanguka

Wakati hukumu zikipangwa hivyo, majaribio yalikwisha kwenda mbio. Juni 2000 Philippe Menasché alipandikiza jijini Paris seli za msuli wa paja katika moyo wa mgonjwa. Mwaka 2001 kundi la watafiti akiwemo Piero Anversa, aliyekuwa Marekani, lilitangaza katika jarida la Nature kuwa seli za uboho zimetengeneza upya nyama ya moyo wa panya. Mwaka 2004 makundi mawili ya watafiti yalirudia kazi hiyo na hayakupata kitu. Pamoja na hayo, wagonjwa waliendelea kuingizwa katika majaribio, na kutoka kwa kundi la Anversa yakaja madai mengine, kuwa moyo una seli shina zake wenyewe.

Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapisha uchunguzi wa majaribio 49 ya kutibu moyo kwa seli za uboho. Wachunguzi walihesabu kasoro katika taarifa, kama tarakimu zisizolingana na maelezo yanayopingana, wakapata zaidi ya 600. Majaribio ambayo hayakuwa na kasoro hata moja hayakuonyesha kuongezeka kwa nguvu ya moyo. Yaliyotangaza nafuu kubwa kabisa ndiyo yaliyokuwa na kasoro nyingi kabisa.

Mwaka 2017 hospitali ya Brigham and Women's ya Boston na taasisi mama yake zilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 10 ili kumaliza madai kuhusu fedha za utafiti wa maabara ya Anversa. Oktoba 2018 Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali hiyo vikataka makala 31 za maabara hiyo ziondolewe, vikisema zina takwimu za kughushi. Uadilifu unatulazimu kutaja kuwa Anversa mwenyewe alikana kuwa ndiye aliyeghushi. Lakini miaka kumi na saba ilikuwa imepita, na miili ya wagonjwa ilikwisha tobolewa kwa ajili ya khabari hizo.

Hili si dogo kwa mwenye kutoa fatwa. Kaida inasema kulihukumu jambo ni tawi la kulitambua. Faqihi hana maabara. Huwategemea watu wa fani, na aya ya 6 ya Suratul Hujurat imeamrisha kuchunguza khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Maslaha yaliyotajwa katika fatwa nyingi yalisimama juu ya ushahidi wa matabibu. Ushahidi ukianguka, uhalali wa chanzo cha seli hubaki pale pale, ila hoja ya haja na dharura huporomoka.

Yanayotulazimu

Imamu hujiwa na familia iliyo tayari kuuza shamba ili mzee wao akadungwe seli nje ya nchi. Tunaona asitosheke kuwajibu kuwa seli za mwili wa mtu mwenyewe ni halali. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza wanawake watatu wa Florida waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kudungwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao wenyewe. Chanzo hakikuwa na ubaya. Kitendo kilikuwa dhara.

Basi awaulize: je, tiba hii imelinganishwa na wagonjwa ambao hawakupewa, na matokeo yakathibitishwa na watu wengine? Jaribio lenyewe limesajiliwa, na lina kamati ya maadili inayolisimamia? Na kwa nini mgonjwa adaiwe fedha ili awe wa kujaribiwa? Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah inamtia dhamana anayetibu bila ya kujulikana kuwa na ujuzi. Anayeuza matumaini asiyoweza kuyathibitisha yumo katika hatari ya dhamana hiyo, na mali anayoichukua inaingia katika ghushi.

Hatusemi mlango umefungwa. Mwaka 2020 Yoshiki Sawa wa Osaka aliweka juu ya moyo wa mgonjwa utando wa seli uliotengenezwa kwa njia ya Yamanaka, na huko Ujerumani viraka vya misuli ya moyo vimefika kwa binadamu. Waliofanyiwa ni wachache, na mwaka 2023 jaribio la DREAM-HF, lenye wagonjwa zaidi ya 500 huko Amerika ya Kaskazini, halikufikia lengo lake kuu la kupunguza kulazwa tena hospitali. Tunatarajia kheri, kwani tumefundishwa kuwa kila ugonjwa una dawa yake. Lakini kutarajia dawa hakumpi mtu ruhusa ya kudai ameipata.

Mpaka hapo, mgonjwa wa moyo asiache dawa zake zilizothibiti kwa ajili ya khabari isiyokuwa na isnadi. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape matabibu wetu ukweli, na atujaalie kuuliza kabla ya kuhukumu.

Wallahu aalam.