Soko ni Siku, Siyo Jengo

Kuna ubishi ambao ukipanda Noah kutoka Moshi mjini kwenda Kirua Vunjo huwezi kuukwepa. Abiria mmoja atasema machinga na akina mama wa ndizi wamejaa kila pembe, mtu hana hata pa kukanyaga. Mwingine atamjibu kwamba hao ndio wanaomlisha, aache kujisikia. Wa tatu, mara nyingi mwenye duka, atauliza kwa nini yeye alipe pango, leseni na kodi, halafu mwenzake atandike turubai mlangoni kwake bure. Mpaka gari linaacha barabara ya Himo pale Kawawa na kuanza kupanda mlima, hakuna aliyeshinda.

Mimi ni mwandishi wa habari na nimeshaziandika habari za aina hii mara kadhaa: wafanyabiashara wahamishwa, wafanyabiashara wagoma, kiongozi fulani atoa siku saba. Swali huwa lilelile: waende wapi? Nimekuja kuamini kwamba ni swali pungufu. Bibi zetu wa mlimani walikuwa na swali jingine, nalo ni: lini?

Hebu turudi nyuma kidogo. Kabla ya Mjerumani, Kilimanjaro haikuwa na mji hata mmoja. Kulikuwa na vihamba, nyumba moja moja katikati ya migomba, na umangi mwingi mdogo mdogo uliokuwa ukigombana. Lakini masoko yalikuwepo, na yalikuwa ya wanawake. Wanawake ndio waliobeba ndizi, maharage, ulezi na magadi, na wao ndio waliopanga bei. Mara nyingi waliendelea kuvuka mipaka kwenda sokoni hata pale waume zao walipokuwa vitani. Mwanaume aliyeonekana pale kikazi alikuwa mtu wa mangi, aliyepita akichukua konzi ya kila kilicholetwa. Huo ndio ushuru wetu wa kwanza.

Sasa tazama lilivyofanya kazi. Soko lilikuwa uwanja mtupu. Leo ni zamu ya hapa, kesho kutwa ni zamu ya kwa jirani. Siku isiyo ya soko, uwanja ulibaki na nyasi zake na njia yake ya kupita. Hakuna mwanamke aliyemiliki mahali. Alimiliki siku yake, sawa na wenzake wote. Sisemi zamani ilikuwa peponi. Mamangi haohao walifanya biashara ya meno ya tembo na ya watumwa na misafara ya pwani. Ila kuhusu namna ya kugawana uwanja wa umma, walikuwa na akili ambayo sisi tumeipoteza.

Mji ulikuja na mantiki tofauti. Mwezi Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pale Old Moshi, ilipokuwa boma yao. Mwaka 1912 reli ya kutoka Tanga ikafunguliwa hadi Moshi, na kwa kuwa treni haipandi mlima, mji ukashuka kuifuata. Ndiyo Moshi tunayoijua: viwanja vilivyopimwa, mitaa iliyonyooka, maduka yenye vibaraza, leseni. Kwenye mji wa namna hiyo kila shughuli lazima iwe na jengo lake, na asiye na jengo ni mpita njia tu, hata kama anakuja kila wiki kwa miaka 30.

Watu wa mlimani waliisoma lugha hiyo haraka, na waliisoma kupitia kahawa. Miongoni mwa miche ya mwanzo mlimani ilipandwa na wamisionari wa Kilema, majirani zetu wa Kirua. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, wakiongozwa na Joseph Merinyo. Serikali ya Kiingereza haikupendezwa na chama chenye sauti kubwa kiasi hicho. Baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, nafasi yake ikachukuliwa na KNCU. Haikuwa ndoa ya raha. Mwaka 1937 wakulima waliokataa kulazimishwa kuuza kahawa yao yote kupitia KNCU walizusha ghasia katika sehemu kadhaa za mlima. Hata hivyo, miaka ya 1950 KNCU ilikuwa na jengo lake kubwa katikati ya Moshi. Mkulima aliyeingia mjini kama mgeni sasa alikuwa na mlango wa kugonga.

Jengo lile ni fahari ya kweli, na hadi leo nikipita pale natazama juu. Lakini angalia limejengwa na zao gani. Kahawa ilikuwa zao la wanaume: mti wa mwanaume, kadi ya chama ya mwanaume, malipo ya mwanaume. Ndizi, zao linalolisha nyumba, lilibaki mikononi mwa wanawake. Kahawa ikapata ghorofa, ndizi ikabaki kwenye nyasi. Hata maandishi yamefuata njia hiyohiyo. Ukitafuta historia ya Kilimanjaro utakutana na kahawa, mamangi na misheni kwenye rafu nzima. Mama wa ndizi utamkuta kwenye aya moja hapa na sentensi mbili pale.

Halafu ukaja mwaka 1976. Ni mwaka ambao Moshi ingepaswa kuukumbuka zaidi ya inavyoukumbuka. Mwanzoni mwa mwaka kulikuwa na Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika ya kijiji. Mwezi Mei vyama vikuu vya ushirika vyenyewe vikavunjwa, KNCU ikiwemo. Mwaka uliofuata mpaka wa Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa tena 1983. Yaani ndani ya takribani mwaka mmoja duka la kijijini liliyumba, chama cha wakulima kikapotea, na jirani wa kununua naye akawa haramu. Vitu vyote vyenye kufuli vilifungika.

Soko la akina mama halikuwa na kufuli. Huwezi kutaifisha siku. Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, mlima uliendelea kula ndizi zilizobebwa kichwani hadi kwenye uwanja uleule. Dola haikupenda watu wasio na anwani ya kazi: Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwasaka mijini kama wazururaji. KNCU ilirudi mwaka uliofuata, na biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa kampuni binafsi miaka ya 1990. Lakini kwa nyumba nyingi za Kirua, pesa ya daftari ilikuwa imeshahamia kwenye mkungu wa ndizi.

Na leo? Desemba 2018 serikali iligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mwenye nacho akaruhusiwa kufanya biashara bila bughudha. Mwaka 2021 upepo ukageuka, ukaja mpango wa kuwapanga machinga kwenye maeneo maalumu nchi nzima. Ukiziweka sera hizo mbili pamoja utaona zote zinamfikiria mtu mmoja: kijana mwenye bidhaa zisizooza, anayefanya biashara kila siku, mahali pamoja. Kijana huyo yupo na ana haki yake. Ila mama mkubwa wangu siye huyo.

Mama mkubwa ana kihamba, ana ng'ombe wawili wa ndani wanaotaka majani asubuhi na jioni, na ana wajukuu. Anauza mara mbili kwa wiki, mikungu miwili au mitatu ya mshare. Akipewa kizimba cha kulipia mwezi mzima, siku zaidi ya 20 kitakaa tupu akiwa anakilipia. Kwa hiyo hatakichukua. Atakichukua dalali mwenye Fuso, na mama mkubwa atamuuzia dalali huyo shambani kwa bei ya dalali. Soko litakuwa safi, lenye paa na vizimba vyenye namba, na mwanamke ambaye soko lilikuwa lake atakuwa nje ya uzio. Hakuna aliyemfukuza. Hesabu tu imemkataa.

Najua jibu la upande wa pili, na si jibu la kubeza. Moshi inasifika kwa usafi nchi nzima, na sifa hiyo haikuja yenyewe. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji njia. Mwenye duka analipa kodi kweli. Turubai likitandikwa kibarazani kwake mwaka mzima, hilo nalo ni kujimilikisha uwanja wa umma, tofauti ni kwamba halina hati.

Ndiyo maana narudi kwenye siku. Uwanja ukiwa wa mama wa ndizi Jumanne na Ijumaa hadi saa nane, ukafagiliwa, na Jumatano ukawa wa wapita njia, mwenye duka hajaporwa na mama hajafukuzwa. Ushuru utozwe kwa siku aliyouza, kwa kadiri ya alichobeba, kama ile konzi. Vijijini huku magulio bado yanaendeshwa kwa mtindo huu, na kila mtu anajua siku yake bila kuandikiwa barua. Mjini tumeuacha kwa sababu ramani ya mji haina safu ya siku.

Safari ijayo halmashauri yoyote ikiitisha kikao kuhusu masoko, kabla ya mchoro wa jengo kuwekwa mezani, aulizwe kwanza anayeleta mzigo: mama, wewe unauza siku gani?