Kodi ya Chumba, Hati ya Ardhi: Historia ya Makazi Isiolo

Mjadala wa nyumba za bei nafuu nchini Kenya huanza na kuishia kwenye ujenzi: orofa ngapi, saruji kiasi gani, mkopo wa riba ipi. Historia ya Isiolo inatuelekeza kwingine. Mji huu haujakosa mafundi wala watu walio tayari kujenga ploti za kupangisha. Kilichokosekana tangu enzi za mkoloni ni uhakika wa ardhi. Asiye na hati hujenga kitu ambacho kikibomolewa kesho hakitamfilisi: safu ya vyumba vya mabati, choo kimoja, maji ya kununua kwa mtungi. Mpangaji naye hulipa kodi mwezi baada ya mwezi kwa chumba ambacho mwenye ploti haoni sababu ya kukiboresha.

Serikali ya kikoloni haikukusudia Isiolo iwe mji wa mtu kujenga maisha. Ilikuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD kama wazee wanavyoiita hadi leo: boma la utawala na karantini ya kuzuia ng'ombe wa kaskazini wasipeleke maradhi kwenye mashamba ya walowezi. Watu nao walidhibitiwa. Sheria za 1902 na 1934 ziliwataka wenye kuingia na kutoka maeneo hayo wawe na kibali. Wasomali waliopigania Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia waliachiwa mahali pa kukaa na kulisha mifugo, lakini kwa ruhusa ya serikali, si kwa umiliki wao. Hivyo mji ulizaliwa na wakazi ambao kisheria walikuwa wageni.

Kuna wanaosema kwamba nyumba za kupanga ni jambo geni kwa wafugaji. Ni kweli kwamba nyumba ya Kiborana ya miti iliyopindwa, ambayo wanawake huijenga, huibomoa na kuipakia juu ya ngamia, ilikidhi haja bila kuharibu mazingira. Lakini nyumba hiyo hutegemea mifugo, na vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, kati ya serikali na waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, viliiangamiza mifugo hiyo. Watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, Garba Tula na Merti vikiwemo, na mifugo ikafa au ikapigwa risasi. Sheria za hali ya hatari ziliendelea hadi 1991. Aliyepoteza kundi lake alikimbilia mjini akiwa hana cha kununulia kiwanja. Isitoshe, kupanga kunamfaa mtu ambaye riziki yake humhamisha, na hakuna anayelijua hilo kuliko mfugaji.

Utalii haukubadilisha msingi huo. Hifadhi ya Samburu na Isiolo ilitengwa 1948, kitabu cha Joy Adamson kuhusu simba Elsa kikaifanya Isiolo ijulikane duniani kuanzia 1960, na Shaba ikawa hifadhi 1974. Loji zilijenga vyumba vya watalii karibu na maji na vitanda vya wafanyakazi nyuma yake. Familia za wafanyakazi hao zilijitafutia makao Isiolo mjini au Archers Post. Mpango wa maendeleo wa taifa, Dira ya 2030, ulipoitaja Isiolo kuwa mji wa mapumziko, mradi wa uchukuzi wa LAPSSET ulipozinduliwa 2012 na uwanja wa ndege ulipofunguliwa 2017, kilichotangulia kuja si nyumba bali madalali wa viwanja.

Hapo ndipo hoja nzito zaidi dhidi ya hati inapozuka: hati si ndiyo itakayorahisisha ardhi kuuzwa kwa matajiri wa mbali? Hati ya mtu mmoja mmoja inaweza kufanya hivyo. Lakini Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inairuhusu jamii isajiliwe kama mmiliki, na jamii hiyo haiwezi kuiuza ardhi yake bila idhini ya theluthi mbili ya wanachama wake. Jamii iliyosajiliwa inaweza kumkodishia mjenzi ardhi kwa miaka maalumu na kumwekea masharti: kiwango cha kodi, mawe na udongo wa karibu, matangi ya kuvuna maji ya mvua. Mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, kwa upande wake, unaogharimiwa na makato ya asilimia 1.5 ya mshahara chini ya sheria ya 2024, umeweka uzito kwenye kununua nyumba kwa malipo ya kila mwezi. Mwongoza watalii ambaye msimu ukiisha hana mshahara hawezi kulipa hivyo.

Serikali ya kaunti na bunge lake basi waanze na usajili wa ardhi za jamii na hati za mitaa ya mjini kabla ya kuweka jiwe lolote la msingi. Nyumba itakayojengwa kabla ya hapo, hata ikiwa ya saruji, itakuwa ya muda tu.