Panya, Tauni na Sakafu ya Udongo

Kwetu Usambara, kabla ya kujenga nyumba unauchimba mlima. Tambarare hakuna, kwa hiyo mwenye kiwanja huukata mteremko kwa jembe na sururu mpaka apate kipande kilicho sawa, na ukuta wa nyuma ukae karibu kugusana na kingo ya udongo. Panya hunufaika na ujenzi huo. Huanzia shambani juu ya kingo, huchimba akiteremka, akaibukia nyuma ya mafiga. Nilikuwa bwana afya katika milima hii hadi nilipostaafu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga magoti na tochi mkononi, nikichungulia mashimo.

Wageni wa chini ya nyumba zetu si wa namna moja. Yuko panya mweusi wa darini, aliyefika pwani yetu na vyombo vya Bahari ya Hindi. Mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyostawi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Yuko panya shamba, mwenyeji kabisa, ambaye mvua ikinyesha vizuri huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja. Na yuko buku, mkubwa kama paka mdogo, anayebeba mahindi mashavuni na kuyazika shimoni kana kwamba ana ghala lake.

Wazee wetu walikuwa na namna zao za kumzuia panya. Msingi ulipangwa mawe makubwa kabla ya fito kusimamishwa. Sakafu ilisiribwa kwa udongo na samadi, ikarudiwa kila ilipopasuka. Shimo lilishindiliwa vigae na changarawe, kisha likakandikwa. Paka alilishwa kidogo tu, asije akasahau kazi. Lakini mahindi yaliwekwa darini juu ya moto, kwa sababu moshi huzuia fukusi. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo: moshi uliomkera fukusi haukumkera panya. Alikula juu, akalala chini, na katikati yake tulilala sisi.

Madhara ya ujirani huo yalijulikana kwingine mapema. Mwaka 1897 daktari wa Kijerumani Robert Koch alitoka kuchunguza tauni Bombay akaja Dar es Salaam. Habari zikamfikia za ugonjwa wa mitoki huko Kiziba, upande wa Bukoba, naye daktari wa jeshi Zupitza akatumwa kwenda kuchukua vipimo. Ilikuwa tauni ileile. Ila kilichonigusa mimi katika habari hiyo si vipimo. Ni kwamba wenyeji hawakuhitaji hadubini: walipoona panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba, walihama, wakaiacha nyumba. Daktari Yersin alikuwa amekitambua kijidudu cha tauni Hong Kong mwaka 1894, na daktari Simond akamtaja kiroboto kuwa mwenezi wake mwaka 1898. Mkulima wa migomba alikuwa ameshapata kanuni ya kumwokoa mwanawe: panya akifa ndani, toka.

Serikali za kikoloni zilipokutana na jambo hilo zilishika kiberiti. Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, mji ukiwa bado mchanga, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri. Kuhama na kuchoma vinaweza kuonekana kuwa kitu kimoja, kwa kuwa vyote viwili humwacha mtu bila nyumba. Havifanani. Anayehama huondoka na watoto wake na jembe lake, akijua kwa nini. Anayechomewa hubaki na hasira, na safari nyingine akiona panya amekufa atamzika kimyakimya, bwana afya asijue. Huyo aliyefichwa ndiye wa hatari zaidi.

Sisi wa Lushoto, huku Usambara, zamu yetu ilifika mwaka 1980. Mpaka ilipotulia mwanzoni mwa miaka ya 2000, tauni ilikuwa imewapata watu zaidi ya 7,000 wilayani, na mamia walikufa. Majina ya vijiji kama Manolo, Gologolo na Viti yaliingia kwenye maandishi ya wataalamu wa nchi za mbali. Streptomaisini na tetrasaiklini ziliwaponya waliowahi. Lakini dawa ya hospitali haizibi shimo, kwa hiyo tulirudi chini ya nyumba.

Kosa ambalo kila mtu alitamani kulifanya lilikuwa kuanza na sumu ya panya. Kiroboto huishi kwa damu ya panya. Panya akifa na mwili ukapoa, kiroboto huruka kutafuta mwili wenye joto, na usiku ndani ya nyumba mwili huo ni wa mtu. Ukiwaua panya wote leo bila kugusa viroboto, umewaalika wageni wenye njaa kitandani. Kwa hiyo unga wa dawa ya viroboto ulitangulia, ukapulizwa mashimoni na kwenye njia za panya. Sumu na mitego vilifuata. Kumweleza hivyo mtu aliyeliwa nusu ya mavuno, kwamba asubiri kwanza kabla ya kumuua mwizi wake, kulitaka subira ya mwalimu wa chekechea.

Shimo nalo lina adabu zake. Halizibwi kabla hujajua kama lina mwenyewe. Jioni unalisokomeza majani makavu, asubuhi unapita: majani yakiwa yamesukumwa nje, mwenyewe yumo. Mama mmoja wa makamo alinitazama nikifanya hivyo nyumbani kwake, kisha akasema, “Bwana afya, unaziba mlango, lakini chakula umekiacha mezani.” Alinyoosha kidole darini. Tangu siku hiyo sikuanza tena na shimo. Nilianza na mahindi: yapukuchuliwe, yakaushwe, yatiwe kwenye kihenge cha nje chenye miguu, na kila mguu uvishwe kipande cha bati ambacho panya hawezi kukikwea.

Baadaye utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulileta jambo lililotusumbua zaidi. Vijiji vilivyorudiwa na tauni mara kwa mara ndivyo vilivyokuwa na wingi wa kiroboto wa binadamu ndani ya nyumba. Huyu hamhitaji panya hata kidogo. Mabuu yake hukua kwenye vumbi la sakafu ya udongo, na wengi wetu tulilala hapohapo, juu ya majani au mkeka, watoto wakiwa upande wa moto. Basi sakafu haikuwa tu dari la panya. Yenyewe ilikuwa kitalu.

Ndiyo maana sipendi mahubiri ya usafi yanayomlaumu mwenye nyumba. Kila aliyewahi kupita kutoa ushauri, nami nikiwamo, alimaliza kwa neno hilohilo: pigeni sakafu ya saruji. Ni ushauri sahihi. Saruji humnyima panya pa kuibukia na humnyima kiroboto vumbi la kutagia. Lakini mfuko wa saruji hupandishwa mlimani kichwani au kwa pikipiki, na mwenye kuununua ni mtu yuleyule aliyegawana mahindi yake na panya. Zipo serikali zilizopata fedha za kuchoma, za kupulizia na za kutibu. Fedha za kumsaidia mkulima kupiga sakafu hazikuingia katika mahesabu hayo, nayo ndiyo kazi ambayo ikifanywa mara moja haihitaji kurudiwa kila tauni inapobisha hodi.