Kompyuta ya Mama na Vikopo Vilivyovimba

Mwaka 2006 mdogo wangu wa kiume alichapwa kwa sababu ya kompyuta. Alikuwa na miaka 11. Ule ulikuwa mwaka wa mgao mkali, mabwawa yamekauka, umeme ukirudi jioni mtaa mzima unapiga kelele kama timu imefunga bao. Pale nyumbani Morogoro mama alikuwa na sheria moja: umeme ukirudi, hakuna kugusa kompyuta mpaka ipite nusu saa. Mdogo wangu hakungoja. Alibonyeza, feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Akabonyeza tena. Kimya. Tangu siku ile haikuwaka.

Haikuwa kompyuta ya gemu. Mama aliinunua mtumba mwaka mmoja kabla, kwa fedha za mchezo zamu yake ilipofika, akawa anachapa ripoti za wanafunzi wa Sokoine na Mzumbe, barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi. Ada yangu ilitoka humo. Ilipokufa akaja fundi, akaichungulia bila kuifungua, akasema, "Hii imepigwa shoti na umeme." Wa pili naye akasema hivyo hivyo. Basi, kesi ikaisha. Printa ikauzwa, mama akarudi kwenye vitumbua, na mdogo wangu akabaki na jina la aliyeua kompyuta. Kwenye sherehe za ukoo hadithi hiyo bado inasimuliwa, watu wanacheka. Yeye hacheki.

Nani angemwambia mama vinginevyo? Hii ni nchi ambayo kompyuta yake ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Kizazi cha mama kilikua bila mashine hizi. Zilipokuja majumbani zilikuja na kitambaa cha kufunikia vumbi, na maofisini unavua viatu mlangoni kama unaingia msikitini. Kitu kinachoheshimiwa namna hiyo kikifa, unatafutwa mkono uliokigusa.

Mwaka jana nilikuwa namsaidia mama kuhamisha vitu, nikalikuta lile boksi chini ya kitanda. Sisi tuliliita sipiyu, kama nchi nzima, ingawa sipiyu yenyewe ni kitu cha ukubwa wa biskuti kilichojificha ndani yake. Nikalipeleka mjini kwa fundi mmoja kijana, wa aina ile inayofungua kwanza ndipo inaongea.

Alianza na vya nje. Waya wa ukutani akaujaribu kwenye mashine nyingine. Akaangalia kile kitufe chekundu cha nyuma, kama kiko 230 au 115, maana ukikiacha 115 kwa umeme wetu pawa saplai inaweza kulipuka palepale. Kilikuwa sawa. Kisha akachomoa ile plagi pana ya nyaya 20 kutoka kwenye mazabodi, akaugusisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Feni ya pawa saplai ikazunguka. Akachukua mita, akapima: 12 ipo, 5 ipo, 3.3 ipo.

"Pawa saplai nzima, dada. Umeme ungepiga, hii ndiyo ingeanza kufa."

Hapo inabidi nieleze kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua. Zamani swichi ya kompyuta ilikuwa swichi kweli. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na swichi kubwa nyekundu ubavuni; ukiipandisha umeme unaingia, ukiishusha unakatika, kama taa ya chumbani. Mwaka 1995 Intel wakatoa mpangilio mpya ulioitwa ATX, na kuanzia hapo kile kitufe cha mbele hakileti umeme wala kuukata. Kinapeleka ombi. Maadamu waya uko ukutani, pawa saplai inaacha volti 5 za kusubiri zikipita kimyakimya. Ukibonyeza, mazabodi inaiomba pawa saplai iamke. Ikiamka inajipima, halafu ndani ya nusu sekunde hivi inatuma ishara kwamba volti zimetulia. Ishara hiyo isipofika, hakuna kinachoendelea. Feni kuzunguka kidogo na kusimama, kama alivyoona mdogo wangu, maana yake ombi lilifika na pawa saplai ikaitika, ila ikakuta jambo huko mbele ikarudi kulala. Kwa maneno mengine kitufe alichobonyeza kilifanya kazi yake yote.

Fundi akamulika tochi kwenye mazabodi, karibu na prosesa. Palikuwa na vikopo vidogo vya bati vimepangwa kama askari, urefu wa kucha ya kidole gumba. Saba vilikuwa vimevimba kichwani. Viwili vilikuwa vimepasuka, vimetoa uchafu wa rangi ya kutu.

"Kapasita," akasema. "Hizi za miaka ile zote zilikuwa hivi."

Zote? Hapo ndipo uandishi wa habari uliponiingia, nikakaa nayo wiki tatu.

Ndani ya kila kikopo kuna tepe mbili nyembamba za alumini zilizosokotwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kimiminika. Kazi yake ni kutuliza umeme. Prosesa inatumia volti chache tu, lakini inameza mkondo mkubwa na kwa kushtukiza, na vikopo ndivyo vinavyoziba mapengo. Kadiri prosesa zilivyozidi nguvu kuelekea mwaka 2000, viwanda vikahitaji kapasita bora zaidi, na kwa bei rahisi. Jibu likawa kimiminika chenye maji mengi. Tatizo ni kwamba maji huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, isipokuwa ukiongeza kemikali za kuzuia. Kemikali hizo zisipokuwepo, au zikiwa pungufu, gesi inajikusanya taratibu mpaka kikopo kinavimba. Ule mchoro wa msalaba juu ya kichwa chake si urembo, ni mahali palipochanjwa ili kipasuke kwa amani badala ya kulipuka. Yote haya huchukua miezi au miaka, na joto linaharakisha. Siku yenyewe ya kufa inaweza kuwa yoyote. Inaweza hata kuwa jioni umeme unaporudi.

Mwaka 2003 jarida la wahandisi la IEEE Spectrum lilisimulia kisa cha kijasusi: mtaalamu aliyewahi kufanya kazi Japani akahamia China, akatengeneza kimiminika kama kile cha Wajapani, wafanyakazi wenzake wakaiba fomula na kuanza kuiuza Taiwan, ila fomula ikiwa pungufu. Kisa kitamu. Ningekipenda kingetosha, lakini hakitoshi. Baadhi ya kapasita zilizosumbua sana miaka ileile zilitoka Nichicon, kampuni ya Kijapani yenye jina zuri, ambayo haikuhitaji kuiba fomula ya mtu.

Hizo ndizo zilizokuwa kwenye kompyuta za ofisini za Dell, aina ya OptiPlex. Kati ya Mei 2003 na Julai 2005 Dell waliuza OptiPlex milioni 11.8, na mwaka 2005 wakatenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha zilizoharibika. Nyaraka za kesi moja zilipofunguliwa mwaka 2010 ikaonekana kwamba wafanyakazi wa kampuni walikuwa wakikwepa kuwaambia wateja ukweli. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas ilipolalamika kwamba mashine zinakufa, ikaambiwa imezichosha kwa hesabu ngumu. Wanahisabati! Hata mawakili waliokuwa wakiitetea Dell walikuwa na mashine 1,000 za aina hiyo, na kampuni ikasitasita kuwatengenezea.

Niliposoma hiyo ya Texas nilifunga laptopu nikatoka nje kidogo. Kumbe maprofesa nao waliambiwa ni makosa yao. Tofauti ni kwamba wao hawakuchapwa.

Ya mama haikuwa ya Dell, na jina lililobandikwa mbele yake silitaji kwa sababu siwezi kujua kiwanda kipi hasa kilifanya nini. Ninachokijua ni vile vikopo saba. Fundi alivifumua kwa moto wa kulehemu, akaweka vipya vilivyofanana volti na ujazo, akanitoza elfu thelathini. Tukabonyeza. Feni ikazunguka, ikaendelea. Ikapiga ule mlio mmoja mfupi, kisha ikalalamika kwamba haijui leo ni lini, maana betri yake ya saa ilishakufa. Ilidhani ni Januari 2002. Halafu ikafunguka, mafaili ya mama yote yamo, yamepangwa kwa majina ya wateja.

Nilimpigia mdogo wangu siku hiyohiyo. Ni dereva wa lori siku hizi, alikuwa foleni ya Tunduma. Nikamweleza yote, hadi haidrojeni. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Dada, na mama umemwambia?"

Nilikuwa bado. Nilimwambia jioni, nikampa vile vikopo ndani ya mfuko wa nailoni. Alivaa miwani, akakigeuzageuza kimoja kwenye taa, akauliza kama vinauma mtu. Kisha akakaa mbele ya kompyuta, akapitia orodha ya wateja kwa kidole, akasimama kwenye jina moja. "Huyu hakunilipa."

Nikasubiri.

"Lakini si nilimkataza asiwashe," akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

Vikopo ameviweka kwenye kabati la vyombo, ndani ya bilauri, upande wa mbele. Mdogo wangu anakuja Krismasi.