Mkanda Unaonuka Siki

Nilimwuliza bibi yangu, "Babu alizaliwa mwaka gani?" Akacheka. "Mwaka wa nzige, mjukuu wangu."

Nzige wekundu walitesa nchi hizi kuanzia 1930 hadi 1944. Sasa ni mwaka upi?

Jibu huenda limo katika Kitabu cha Wilaya ya Ufipa, alichoandika Mwingereza: koo za Mwene wa Nkansi na wa Lyangalile, mila, matukio. Baadaye kitabu hicho, pamoja na vya wilaya nyingine, kilipigwa picha kwenye mikrofilamu.

Lakini mkanda wa asetati ukikaa kwenye joto na unyevu hunuka siki. Ni asidi hiyo, inautafuna. Husinyaa, hujikunja, huambukiza mikanda jirani, mwisho hata kunakiliwa haukubali. Dawa yake ni ubaridi, ukavu na kunakili mapema, kwenye poliesta au kompyuta.

Tena babu alikwenda manamba Tanga, hakuwa chifu. Jina lake limo kinywani mwa bibi tu. Basi vijana wa Sumbawanga, tudai mikanda inakiliwe, huku sisi wenyewe tumeshika daftari. Bibi naye hana nakala.